Wageni Waliotazama Paa

Leonida hakuwa mtu wa haraka. Ukimletea habari ya msiba angemaliza kwanza kuchambua mboga iliyokuwa mkononi, akanawa, ndipo akalia. Kitu kimoja tu alikifanya haraka katika miaka yote niliyokaa naye, nacho ni kubomoa vile vibanda vya hoteli. Asubuhi vilikuwa vimesimama. Jioni alikuwa akiwaonyesha watu kwa kidole mahali nyumba mpya itakapokaa.

Mimi nilikuwa mpishi wake. Wote waliniita Mama Roseline, kwa jina la binti yangu wa kwanza. Jikoni kwangu palikuwa na dirisha dogo linalotazama barabara, nami nililipenda kwa sababu mtu mwenye watoto hawezi kupika huku amegeukia ukuta.

Hoteli ilikuwa Migori, chini kidogo ya barabara itokayo Kisii kwenda mpakani. Iliachwa na Japheth, mume wa Leonida. Japheth alikuwa amewapikia Wazungu kule machimboni, upande wa Osiri. Walipofunga mizigo yao alirudi nyumbani na sufuria kubwa, meza yenye mguu mmoja mfupi, na wazo kwamba mtu aliye safarini hataki starehe, anataka pa kulaza kichwa na uji wa moto asubuhi. Akajenga vibanda vya udongo vya mviringo, kila kimoja na nyasi zake, vikazunguka ua kama boma la mtu mwenye wake wengi wasiosemezana. Mbele akaweka chumba cha kulia. Nyuma akaweka jiko.

Japheth alikufa kwa kifua mwaka wa mvua kubwa, ule kabla ya uhuru, ziwa lilipopanda likaingia mashambani kule Sindo alikozaliwa Leonida. Mwaka huohuo mmoja alifiwa na mume, na shamba la mama yake likawa la kambare. Alivitaja vyote viwili kwa sauti moja.

Matanga yalipokwisha, Nicanor, mdogo wake Japheth, alikuja kumrithi kama ilivyo desturi. Leonida alimchinjia kuku, akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia yeye ameokoka. Nicanor alimaliza paja la kuku kwanza.

"Sawa, Nyar Kaksingri," alisema, akimwita kwa jina la ukoo wa kwao. "Kama wewe umeokoka, hoteli haijaokoka. Kiwanja hiki ni cha ukoo wetu."

Wazee wakaamua Leonida aendelee na hoteli maadamu wageni wapo. Siku vitanda vitakapokaa vitupu, nyumba itarudi kwa Nicanor aitafutie kazi nyingine. Leonida alikubali. Hakuwa na mtoto wa kiume ambaye angemjengea nyumba kwake uzeeni, na kule Sindo hapakuwa na pa kurudi isipokuwa majini. Hoteli ndiyo ilikuwa boma lake. Mimi nilikubali pia, ingawa hakuna aliyeniuliza.

Wakati wa vibanda hatukukosa watu. Walikuja waliompeleka mgonjwa hospitali ya misheni, waliotoka kupeleka ng'ombe wa mahari, waliokwenda harusi wakiimba na waliorudi kutoka mazishi kimya. Mara nyingi walikuwa familia nzima, wazee kwa vijana, na kila kundi lilijigawa lenyewe, hawa kibanda hiki, wale kibanda kile. Sisi tulibeba maji tu. Hatukuwahi kujiuliza kwa nini walikuja kwetu. Nani hujiuliza kwa nini mvua hunyesha chini?

Kisha uhuru ukaja, na kila mtu akataka kitu kipya. Dereva mmoja wa basi alizoea kusimama uani kwetu akichokonoa meno.

"Mama, bado mnalaza watu kwenye nyumba za kuku?"

"Kuku hawaagizi chai," Leonida alimjibu. Lakini niliona neno limemwingia. Wiki ile alisema kidogo na kufikiri sana, na siku ya soko ilipopita akaniambia tuvae viatu, tunakwenda Homa Bay kuona hoteli.

Homa Bay kulikuwa na hoteli moja karibu na gati inaposimama meli. Ilikuwa nyumba moja ndefu ya mabati, na milango iliyopangwa kama meno, kila mlango na namba yake. Tuliingia, tukaagiza chai, tukaketi. Leonida alitazama. Mimi nilitazama maji, nikihesabu watoto wa watu waliokuwa wakicheza kwenye ukingo wa gati bila mtu mzima. Tulikaa mpaka yule mhudumu, kijana mrefu aliyevaa koti jeupe la mtu mfupi, akatujia.

"Mama, hicho kikombe kimekauka. Unakunywa nini?"

"Nangoja kipoe," alisema Leonida.

"Hakina kitu."

"Ndiyo maana hakipoi."

Yule kijana alikwenda kumwita mwenzake atutazame. Leonida hakujali. Alikwisha kuona vitambaa vyeupe mezani, kengele ya shaba ya kumwita mhudumu, na rangi.

"Umeona tofauti yetu na hawa?" aliniuliza tukitoka.

"Wana ziwa," nilisema.

"Wana paa moja," alisema Leonida.

Na hivyo vibanda vikabomolewa. Fundi Masese alitoka Kisii na misumeno yake iliyofungwa kwa gunia, akajenga nyumba ndefu ya matofali, vyumba vya kulala na cha kulia vimeshikana bega kwa bega chini ya paa moja la mabati. Nyasi za vibanda tuliwapa ng'ombe, wakazikataa. Jiko langu halikubomolewa. Liliachwa kule nyuma na nyasi zake na masizi yake, kwa sababu Leonida alisema hakuna mgeni anayelala jikoni.

Nicanor alikuja siku ya kufungua nyumba. Aliisifu kuliko watu wote. Alitembea kutoka mwisho huu mpaka mwisho ule, akagonga kuta za kati kwa ngumi, akasema ni nyembamba na hilo ni jambo zuri. Sikupenda namna alivyolisema. Nilimwambia Leonida, akasema mtu akisifu nyumba yako usimpekue mdomo.

Wageni walianza kupungua mwezi uleule.

Nilikuwa nikiona yote kupitia dirisha langu. Basi lingesimama, kundi lingeshuka, wangekuja wakicheka na mizigo kichwani. Wangeona milango yenye namba, wangefurahi. Halafu mmoja wao, mara nyingi mwanamume, angerudi nyuma hadi barabarani na kutazama paa. Angelitazama kutoka mwanzo hadi mwisho kama mtu anayesoma jina lake katika matokeo ya mtihani. Angenong'ona na wenzake. Kisha mmoja angekuja mlangoni ameinamisha kichwa.

"Mama, tumekumbuka tuna ndugu hapa mbele."

Kila mtu alikuwa na ndugu hapa mbele. Nilianza kuogopa kwamba Migori nzima ni ukoo mmoja na ni sisi tu tulioachwa nje.

Waliolala walikuwa watu wa peke yao, karani mmoja, mkaguzi wa mifugo, mwuza mashine za kushonea. Hao walilala vizuri na kulalamika juu ya mayai. Lakini karani hashuki kila siku kutoka kwenye basi.

"Wanatazama paa," nilimwambia Leonida.

Alitoka akalitazama yeye mwenyewe. "Lina kutu pale pembeni," alisema.

Akalipaka rangi nyekundu. Lilionekana toka ng'ambo ya mto. Wageni waliokuja baada ya hapo walilitazama paa kwa muda mrefu zaidi, kisha wakakumbuka ndugu zao.

Akanunua vitambaa vyeupe kama vya Homa Bay. Mbuzi wa jirani alikula kimoja mpaka katikati, akaacha upindo. Akanunua kengele. Siku mkaguzi wa mifugo alipoipiga ili aletewe maji, watoto wa shule iliyo jirani walitoka darasani wakaenda kwao, na mwalimu wao akaja kutuuliza tuna kibali gani. Kengele ikafungwa shingoni mwa yule mbuzi, ili wakati mwingine tusikie akija.

Mwisho Leonida akaamua kuwauliza wageni wenyewe. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi akinywa chai kabla ya kukumbuka ndugu zake ndiye aliyeanza naye.

"Jaduong', niambie ukweli. Hoteli hii inakosa nini?"

"Haikosi kitu, mama. Nyumba nzuri sana."

Kwetu mtu hawezi kumwambia mwenye nyumba neno baya naye anakunywa chai yake. Leonida akafikiri juu ya hilo, akaanza kuwauliza kabla ya kuwapa chai. Wakasema nyumba ni nzuri sana, wakaomba chai.

Ndipo Nicanor alipoleta habari kwamba atapita pamoja na rafiki yake. Leonida aliyatandika upya mashuka ambayo hayakuwa yamelaliwa. Mimi nilivuruga kitanda kimoja kidogo ili kionekane kina mtu. Leonida akakitandika tena. "Usiseme uongo kwa mashuka," alisema.

Walishuka kwenye basi kutoka Rongo baada ya chakula cha mchana. Rafiki huyo aliitwa Gisiri, Mkuria mnene mwenye sauti ya upole, mfanyabiashara wa ngozi za ng'ombe. Alikuwa akitafuta ghala karibu na barabara. Nilipomwona nilijua nimewahi kuuona uso ule, ila sikukumbuka wapi, na jambo hilo lilinisumbua nikichemsha chai.

Gisiri alipita chumba hadi chumba. Vitanda vyote vilimtazama vikiwa vitupu.

"Kuta hizi za kati tutaziangusha," alimwambia Nicanor. "Tuwe na ukumbi mmoja mrefu, kamba zipite toka mwanzo hadi mwisho. Ngozi inataka urefu na paa lisilovuja."

"Paa halivuji hata tone," alisema Nicanor kwa fahari.

Leonida alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa ameshika kitambaa kimoja cheupe na alikuwa akikikunja, akikikunjua.

"Hujakosea kitu, Nyar Kaksingri," Nicanor alimwambia, na nadhani alimaanisha. "Wageni hawakupenda. Tutamaliza mambo na wazee wiki hii. Utapata chumba kwa mke wangu."

Leonida alisema ahsante. Mvua ikaanza.

Haikuwa mvua ya kuangalia saa. Ilishuka yote pamoja, na kabla jioni haijafika basi lililotoka upande wa mpakani lilisimama mbele ya hoteli, dereva akatangaza kwamba lori limezama matopeni huko mbele na hakuna atakayepita mpaka kukauke. Abiria walitawanyika kwa ndugu zao. Akabaki mama mmoja mzee, amefunga jicho moja kwa kitambaa, ameshika fimbo na kikapu cha kuku. Nilikimbia kumchukua kabla hajateleza.

Nilipomwingiza chumba cha kulia, Nicanor alikuwa na kikombe mdomoni. Alimwona. Aliweka kikombe chini, akakohoa, akainuka, akatoka kwa mlango wa nyuma moja kwa moja kwenye mvua.

"Hicho kilikuwa kikohozi cha mkwe wangu?" aliuliza yule mama. Jicho lake jingine pia halikuona sana.

Alikuwa Jerusha, mama mzazi wa mke wa Nicanor. Alikuwa akienda kutibiwa macho.

"Ndiye, mama," nilisema.

"Yuko wapi?"

"Ametoka nje."

"Kwenye mvua hii? Vizuri. Ana adabu." Akafikiri kidogo. "Analala hapa?"

"Barabara imefungwa, mama. Hakuna pengine."

Jerusha akachukua fimbo yake, akaanza kuinuka. "Basi mimi niondoke. Yeye ametangulia kufika."

Nilimkalisha, nikatoka kumtafuta Nicanor. Alikuwa amejibanza ukutani chini ya upenu wa paa. Alipoutazama ule upenu, akaruka kando kama mtu aliyekanyaga kaa la moto, akasimama kwenye mvua wazi.

"Mwambie mama alale," alisema. "Mimi nitakaa hapa."

Nikapeleka. Jerusha akasema hawezi kulala huku mkwe wake ananyeshewa, mwambieni aingie, yeye atakwenda kukaa ndani ya basi. Nikapeleka hilo pia. Nilikwenda na kurudi kwenye mvua nikibeba adabu za watu wawili, na moyoni niliona nimonia tu, yake au yangu.

Leonida akatoka akiwa amejifunika gunia. "Shemeji, ingia. Yeye yuko chumba cha kwanza. Wewe nitakuweka cha mwisho. Kati yenu kuna kuta chungu nzima."

"Kuta si kitu. Paa ni moja."

"Hapa ni hoteli. Si kwako, si kwake."

"Paa halijui hoteli," alisema Nicanor. Maji yalikuwa yakimtoka puani. "Mkwe na mama mkwe hawalali chini ya paa moja. Unataka nivunje mwiko, nife kwa chira? Nikonde mpaka daktari ashindwe kusema ni nini?"

"Basi nalo lina paa moja. Mbona mnapanda na wakwe zenu?"

"Ndani ya basi mtu hukaa. Halali."

"Alilala tangu Rongo," alisema Gisiri kutoka mlangoni, na chai yake mkononi. "Alikoroma."

"Wewe nyamaza, mtu wa ngozi!"

"Simcheki," Gisiri alimwambia Leonida. "Kwetu ni baba na mke wa mwanawe. Mwezi uliopita nilipita hapa na mke wa kijana wangu, tulikuwa tukimpeleka hospitali. Nilipenda sana hoteli yako. Nikarudi barabarani, nikatazama paa."

Hapo nikaukumbuka uso wake. "Wewe ulisema una ndugu hapa mbele!"

"Nilimpeleka msichana kwa mke wa katekista. Mimi nililala mnadani na ng'ombe."

Leonida alimtazama, mvua ikimpiga mgongoni. Sikujua wakati ule alikuwa anafikiri nini. Nilichojua ni kwamba kulikuwa na wazee wawili wanaokaribia kuugua mikononi mwetu.

"Mpeleke jikoni," aliniambia.

Kwa hiyo Nicanor, aliyekuja kuichukua nyumba, alilala jikoni kwangu juu ya kuni, karibu na majivu, kwa sababu kati ya majengo yote ya Leonida ni jiko tu lililokuwa na paa lake lenyewe. Niliondoa mafuta ya taa na kisu. Nilimwonya asigeukie upande wa moto. Jerusha alipoambiwa, alicheka kidogo, akaomba uji, akalala.

Asubuhi Nicanor alitoka na masizi usoni kama mtoto aliyeiba viazi.

"Umelalaje, shemeji?" Leonida alimwuliza.

"Nimelala vizuri sana," alisema. Hakuwa anatania. "Jiko zuri."

Leonida alimwangalia kwa muda. Kisha akateremka mpaka barabarani, matope yakimfika vifundoni, akageuka, akatazama paa lake kutoka mwanzo hadi mwisho. Alisimama pale kama walivyosimama wale wote. Niliona midomo yake ikisogea. Alikuwa akitaja vile vibanda.

Sisi tulikuwa tumekulia katika desturi hiyo. Mimi mwenyewe nisingelala nyumba moja na mume wa Roseline hata kama ungenitishia simba. Lakini hoteli ile tuliichukua kuwa kitu cha serikali, kama posta, na hakuna aulizaye paa la posta. Tungewezaje kujua kwamba kile tulichokiita nyumba za kuku ndicho watu walichokuwa wakisafiria?

Masese alikuwa akifunga mabati ya duka moja pale mjini. Alikuja na ngazi yake kabla ya saa ya chai.

"Nataka ukate paa," alisema Leonida.

"Linavuja?"

"Halivuji. Ndiyo taabu."

Masese alivua kofia. "Mama, mimi watu huniita kufunga. Nikikata paa zima lililo jipya, kesho nani atanipa kazi Migori?"

"Pale katikati pakatwe. Mbao, mabati, kuta, kila kitu. Zibaki nyumba mbili."

Nicanor alikuwa akinawa uso penye pipa. Alikuja haraka, maji yakichuruzika.

"Nyar Kaksingri, unafanya nini? Nyumba hii ni ya ukoo! Gisiri anataka urefu! Fundi, shuka kabla sija..."

Hakumaliza. Jerusha alikuwa ameketi kwenye kiti mbele ya chumba cha kwanza, kikapu cha kuku miguuni, uso umeelekezwa kwenye sauti. Mkwe hapayuki mbele ya mama wa mke wake. Hata hasira zake huzimeza na kuzipeleka nyumbani. Nicanor alifunga mdomo. Shingo yake ilivimba.

"Ni nani anazungumza na fundi?" aliuliza Jerusha.

"Ni mkwe wako, mama," alisema Leonida. "Tunakata paa, ili wewe na yeye mlale bila mtu kwenda kwenye majivu."

"Hilo ni jambo la heshima," alisema Jerusha. "Mtakata kiasi gani?"

Hilo hakuna aliyelijua. Masese alisema upana wa mkono mmoja ungetosha. Gisiri, aliyetoka na kikombe, alisema kwao mkono mmoja ni utani. Mimi nilisema isiwe pana sana, radi isije ikapata njia. Leonida alimgeukia Jerusha.

"Mvua ifike chini," alisema yule mama. "Mkikata mpaka mvua ikafika chini kati yetu, ikalowesha udongo, hapo ni nyumba mbili. Mvua ikiishia kwenye ukuta, mmejidanganya." Akaelekeza fimbo yake mahali sauti ya Nicanor ilipotoka. "Na huyu mkwe wangu mwenye adabu amshikie fundi ngazi. Kumelowa, fundi asianguke."

Nicanor alishika ngazi.

Aliishika asubuhi yote na nusu ya mchana, Masese akikata mbao juu yake na vumbi la mbao likimwangukia kichwani, na kila alipotaka kusema kitu Jerusha alikohoa. Mabati mekundu yalishuka moja baada ya jingine. Mimi nilikaa na kushika mguu wa pili wa ngazi, kwa sababu sikumwamini. Chumba cha kati kiliondoka chote, na matofali yake Leonida aliyabeba mwenyewe mpaka nyuma.

Gisiri alizunguka akitazama kazi. Alisimama katikati ya lile pengo, akaangalia juu, akaona mbingu. Akaangalia nyumba fupi ya kulia na nyumba fupi ya kushoto.

"Rafiki yangu," alimwambia Nicanor, "hili si ghala tena. Kamba itapita wapi?"

Nicanor alimwashiria kwa macho anyamaze.

"Mimi nasema tu," alisema Gisiri. "Ngozi ikilowa inaoza. Nitatafuta Rongo." Akamgeukia Leonida. "Mwezi ujao namrudisha yule msichana hospitali. Niwekee nyumba zote mbili, moja huku, moja kule."

Jioni mvua ilirudi. Sote tulitoka kutazama, hata Jerusha, akisikiliza. Maji yalishuka katika pengo, yakapiga udongo, yakafanya kijito kidogo kilichopita katikati ya nyumba hizo mbili kuelekea barabarani. Jerusha akanyoosha mkono wake, ukalowa, akasema sasa anaweza kulala. Alikwenda nyumba ya kulia. Nicanor alisimama kwa muda upande wa kushoto, akatazama juu, akatazama chini, akaingia. Nikiwa jikoni nilimsikia akikoroma.

Barabara ilipofunguka alimpandisha mama mkwe wake kwenye basi lililotangulia, naye akangoja lingine. Leonida alimpa chai.

"Wazee watauliza habari ya vitanda," alisema Nicanor akitazama ndani ya kikombe.

"Utawaambiaje?"

Alikunywa kwanza. Kwetu mtu hawezi kusema neno baya naye anakunywa chai yako, na Leonida alikuwa amemjazia mpaka ukingoni.

"Nitasema nilipita nikakuta wageni," alisema.

"Uliwakuta?"

"Nilikuwa mmoja wao."

Hakurudi tena na habari za ngozi. Alirudi mara nyingi na ndugu wa mke wake, akiwaeleza kwamba alikuwapo paa lilipokatwa na kwamba bila yeye ngazi ingeanguka. Hilo ni kweli kwa upande mmoja wa ngazi.

Makundi nayo yalirudi, ya wagonjwa, ya mahari, ya mazishi. Mmoja bado huenda barabarani kutazama paa. Analitazama mpaka katikati, anaona mbingu, anawapungia wenzake mkono washushe mizigo. Leonida hakununua tena kitu chochote alichokiona Homa Bay. Akitaka kubadilisha jambo, huja kusimama karibu nami dirishani jikoni, akachambua mboga, akatazama watu wanatazama nini.

Mwaka uliofuata, siku ya jua, kijana mrefu aliingia peke yake akaagiza chai. Nilimtambua kwa lile koti jeupe la Homa Bay. Aliketi mahali panapoonekana pengo, akanywa polepole, akatazama upande huu, akatazama upande ule, akainua macho. Alikaa sana. Nilipita na birika nikaona kikombe chake kimekauka mpaka chini.

Nilimtazama Leonida. Akatikisa kichwa, nisimwulize. Nikamwachia kikombe kipoe.